Siku Risasi Yangu Ilipoingia Ubavu

Hii nakusimulieni kwa sababu mke wangu hayupo, maana akiwepo huisimulia yeye, na akiisimulia yeye mimi huonekana mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa, ingawa nikisema kweli hapana nafasi kubwa ya kuongeza.

Zama hizo, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nauza magari mtaa wa Wattaya, huku kwenye nchi ya Kiarabu, kijana wa manukato na kalamu mfukoni, na kila Alhamisi alasiri nilikwenda uwanja wa shabaha nje ya mji, tukilenga kwa bunduki mita mia sita. Sikuwa mbaya. (Sikuwa mzuri kama nilivyokuwa nikisema, lakini sikuwa mbaya.) Nilikuwa nimeshapeleka posa kwa kina Salma, na babake, Bwana Khalfan, mwanajeshi mstaafu mwenye maneno machache mno, miezi mitatu hajajibu, si ndiyo si la. Basi nikaona dawa ni kumwalika aje kutazama mashindano ya klabu yetu, maana askari na bunduki, akiniona nalenga atalainika tu. Akakubali.

Sasa kosa lenyewe. Pale uwanjani alasiri huvuma upepo wa kukatisha, na upepo ule huichukua risasi nyepesi ukaitupa pembeni, na nyepesi ndizo nilizozizoea. Rafiki mmoja akanipa boksi la risasi nzito, vichwa vyake virefu kama kokwa za tende, akaniambia nzito haziyumbishwi na upepo, jambo ambalo ni kweli kabisa. Nikamwonyesha Mutua, Mkenya, fundi wa kuchonga vyuma huko mtaa wa Ghala, ambaye siku za kulenga hukaa handakini chini ya shabaha, akaangalia risasi imeingia wapi na kutuarifu kwa redio. Nikamuuliza anaonaje. Akaigeuza moja vidoleni.

"Boss, hizi ni refu sana kwa hiyo mtutu yako. Mtutu yako inazungusha risasi polepole, na risasi refu isipozungushwa haraka inayumba, inalala njiani. Piga hata tano leo uone. Mashindano ni wiki ijayo."

Nikamwambia nitaona, na moyoni nikasema, fundi wa Ghala ndiye wa kunifundisha mimi bunduki? Sikujaribu hata moja. Badala yake nikamwomba siku ya mashindano aniarifu kwa Kiswahili, ili wapinzani wangu, ambao wote hawakukijua, wasijue hali yangu. (Kwamba wakwe zangu watarajiwa walizaliwa Unguja na nyumbani kwao hakisemwi kingine, hilo halikunipitia kichwani.)

Siku ikafika. Bwana Khalfan akaja na mkewe, wanawe wawili wa kiume, birika la kahawa na sahani ya halwa, wakaketi nyuma yangu. Redio ilikuwa mezani kwa mkuu wa uwanja, sauti juu. Nikalala kifudifudi, nikavuta pumzi, nikapiga.

"Hakuna kitu, boss," ikasema redio.

Nikageuza kidogo kitufe cha darubini ya bunduki, nikapiga ya pili. Hakuna kitu. Nikageuza tena.

"Hii imeingia kwa shabaha ya jirani."

Nyuma yangu nikasikia kikombe kinawekwa chini. Nikapiga ya nne, na Mutua, mtu wa watu, akajaribu kunipunguzia aibu: "Nimeona vumbi, boss. Huko juu kwa mlima." Ya tano redio ikasema polepole, "Boss, hii imeingia kwako. Lakini imeingia na ubavu."

Mkuu wa uwanja akauliza kwa Kiarabu huyu bwana anasema nini. Bwana Khalfan akamfasiria yote, tangu ya kwanza, kwa utulivu kama anayesoma taarifa ya habari.

Ningenyamaza hapo, yangeisha. Lakini niliinuka, nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba mtu wa handakini hatazami kazi yake, na nataka shabaha yangu iletwe hapa ionekane. Wakasimamisha mashindano yote. Pikapu ikaenda, ikarudi na Mutua nyuma, ameishika shabaha kwa mikono miwili.

Tundu lilikuwa moja, na halikuwa la duara. Lilikuwa refu, umbo la risasi iliyolala, ncha yake hii na kitako chake hiki. Bwana Khalfan akavaa miwani, akainama.

"Ulizijaribu risasi hizi?"

"La, ami."

"Hukuambiwa uzijaribu?"

Mutua alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anatazama viatu vyake, na nilijua ningedanganya asingenisuta. "Nliambiwa, ami. Kaniambia yeye."

"Basi mtake radhi."

Nikamtaka radhi.

"Na kwa Kiarabu," akasema Bwana Khalfan. "Ulimsema kwa Kiarabu."

Nikarudia kwa Kiarabu, mbele ya klabu nzima, masikio yanawaka. Mutua akanipa mkono. "Haina shida, boss. Zile zako nyepesi ziko wapi? Bado una raundi moja." Nilikuwa nimeziacha nyumbani.

Jibu la posa lilikuja baada ya miezi miwili. Wamekubali, na sharti ni moja: siku ya harusi bwana harusi asishike bunduki. Tukaoana mji wa Qurayyat, kwa ndugu zao, na desturi ni kupiga bunduki hewani, basi wakapiga mashemeji, wakapiga majirani, akapiga na babu mmoja aliyeshikiliwa mabega asianguke, na mimi nimesimama na jambia langu kiunoni, mikono nimefumbata. Mutua nilimwalika. Bwana Khalfan akamwita, akampa bunduki yake mwenyewe, Mutua akapiga mara tatu, watu wakamshangilia kuliko mimi.

Tangu siku ile nimekula viapo viwili: sitatia risasi ngeni mtutuni bila kuijaribu, na sitamuuliza fundi swali kisha nikajijibu mwenyewe. Cha kwanza sijakivunja. Cha pili, muulizeni Salma.