Kura Moja ya Bodi ya Maktaba

Kura ya mume wangu ilihesabiwa siku kumi na tisa baada ya kumzika.

Sheria ya jimbo letu ilikataa. Ushahidi ninao.

Wade Hruska alikuwa sajenti wa jeshi la Marekani, nami nilikuwa nikiishi naye kambini Ujerumani. Askari aliye mbali hupiga kura ya nyumbani kwa posta. Mkewe vilevile.

Karatasi zetu zilifika mwisho wa Septemba. Tulizijaza kwenye meza ya jikoni.

"Bosi, usichungulie!" Aliniita Bosi tangu siku nilipomfukuza sebuleni kwa sababu ya buti zake zenye matope.

"Unacheka nini sasa?"

"Bodi ya maktaba haina mgombea. Nimejiandikia jina la mtu kwenye nafasi iliyo wazi."

"Nani?"

"Kura ni siri, mama."

Honi ikalia nje. Wenzake walikuwa wamemfuata. Akazitumbukiza karatasi haraka kwenye bahasha ndogo zisizo na majina, kisha ndani ya zile kubwa tulizokwisha kutia saini.

"Usinipotezee kura yangu. Nikirudi nitauliza."

"Nenda zako, mzee wa amri!"

Bahasha zote mbili nilizipeleka posta siku ileile. Wade hakurudi. Lori lao lilipinduka mazoezini.

Nilimleta nyumbani Marekani, jeneza lake chini ya bendera.

Siku ya uchaguzi nilikwenda ofisi ya kaunti. Bi. Odegaard, karani wa uchaguzi, alinionyesha bahasha ya Wade. Ilikuwa na mhuri mwekundu: IMEKATALIWA.

"Alikuwa hai alipotia saini!"

"Najua, binti yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha shule ya Jumapili. Lakini kwetu hapa, mpiga kura lazima awe hai leo. Siruhusiwi kuifungua. Yako imepokelewa."

"Basi itupeni yangu, mhesabu yake."

Alinishika mkono. "Haiendi hivyo."

Wade aliniomba jambo moja tu, nami nilikuwa nimeshindwa kulitimiza. Nilikaa ndani ya gari langu saa nzima bila kuliwasha.

Wiki mbili baadaye walibandika kwenye mlango wa ofisi ile orodha ya majina yaliyoandikwa kwa mkono na wapiga kura. Nilisoma mstari mmoja mara tano.

*Bodi ya maktaba: Bosi Hruska, 1.*

Mtu mmoja tu duniani aliniita Bosi.

Nikaiona ile meza. Bahasha ndogo mbili zinazofanana, honi, mikono yenye haraka. Wade alitia kura yake kwenye bahasha yenye saini yangu, na yangu kwenye yenye saini yake.

Iliyokataliwa ilikuwa kura yangu.

Bi. Odegaard alisimama nyuma yangu, miwani mkononi. "Huyu Bosi ni nani tena?"

"Kura ni siri, mama," nikamjibu, na machozi yakanishinda papo hapo mlangoni.

Wewe unayesema kura moja haina maana, sitabishana nawe. Ila mume wangu aliniachia moja, na hakuna kitu ninachoweza kukubali kubadilishana nayo.

Jaza yako mapema. Na anayekwenda safari, muage vizuri.