Diski za Enos na Mtama wa Baltazar

Dorah hakulia wazee walipogawa mali ya baba yake. Alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kunong'ona.

Siku ya kumaliza matanga, nyumbani kwao Butiama, Mzee Magesa alisimama kwa niaba ya ukoo akawa anataja vitu vya marehemu Enos kimoja kimoja. Kigoda kwa huyu, baiskeli kwa yule. Kamera alipewa Dorah, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiwasha. Kisha wakafika kwenye makreti ya diski: harusi, vipaimara na misiba ambayo Enos alikuwa ameirekodi maisha yake yote, kuanzia Musoma mjini hadi vijiji vya Bunda. Hayo wakampa Baltazar, mdogo wake marehemu. Baltazar hakuwa na hata deki ya kuzichezea. Alikuwa na shamba la mtama.

Kama hujawahi kulima mtama hutaelewa. Punje zikianza kutia maziwa, ndege aina ya kwelea wanashuka kama waliopigiwa kengele, na watu wanawatisha kwa diski zilizofungwa kwenye kamba, zinazungukazunguka na kumeta juani. Mashamba mengi huko yamevaa harusi za watu.

"Baba mdogo, hizo ni sura za watu," Dorah alisema mbele ya wote. "Jua likizipiga hazisomi tena."

"Na mimi nyumbani kwangu tule sura?" Baltazar akamjibu. "Siku hizi watu wanaangaliaga video kwenye simu. Nani ana deki?"

Wazee wakacheka. Dorah akangoja wamalize.

"Basi nitazihamishia huko huko kwenye simu. Zote."

"Mpaka mtama utie maziwa, mwanangu. Ukishatia maziwa nachukua CD zangu, uwe umemaliza, hujamaliza."

Mzee Magesa akasema neno limepita. Dorah akasema kwake halijapita, jambo ambalo binti hasemi kikaoni, akayapakia makreti kwenye gari la magunia na kuondoka nayo hadi chumba chake cha kazi, Kigera, Musoma.

Diski ya kwanza aliichomoa makusudi. Ilikuwa ya kipaimara kimoja cha pale pale Butiama, imeandikwa juu kwa mkono wa baba yake. Akaitia kwenye kompyuta na kuiagiza programu iibane ile video mpaka iwe faili la kuenea kwenye simu. Kompyuta ikaunguruma. Dorah akafua, akaanika, akapika, akala; nguo zilipokauka ndipo diski ilipomalizika. Picha ilitoka safi, kila uso mahali pake. Lakini kwa mwendo ule mtama ungevunwa, ukasagwa, ukaliwa ugali, naye bado yuko kwenye kreti la kwanza.

Akamwendea Florian, fundi kompyuta wa karibu na soko. Florian alikuja, akaifungua mashine na kuchungulia ndani.

"Dada Dorah, humu kuna kadi ya picha, ile ya kuchezeshea magemu. Imelala tu. Kazi yote umemtwisha prosesa peke yake."

"Kumbe namlisha mvivu umeme wa bure?"

"Ndiyo hivyo. Kwenye hiyo programu yako kuna mahali pa kuchagua nani abane video. Mchague huyu."

Dorah akamchagua. Loo! Diski iliyokuwa inakula asubuhi nzima sasa ilikwisha kabla chai haijapoa. Akafurahi, akaimba, akamaliza kreti zima bila kutazama hata faili moja. Alipokuja kutazama, bwana harusi mmoja wa Bunda alikuwa hana pua. Uso wake ulikuwa vipande vya mraba. Kila aliyecheza alikuwa vipande vya mraba.

Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na baba mdogo anayengoja mtama. Dorah alimpigia Florian simu kwa ukali, kana kwamba ndiye aliyemng'oa bwana harusi pua.

"Kadi inakimbia, lakini haina makini ya prosesa," Florian akamweleza. "Umeibana kwenye faili dogo lile lile la mwanzo. Iachie nafasi kidogo, faili likue, utaona sura."

Akaiachia nafasi. Pua zikarudi. Kreti lote akalirudia upya, huku akijitukana. Sasa kadi ikawa inamaliza kazi na kukaa kusubiri, maana kisomea diski ndicho kilichokuwa kinajikokota. Akaazima vingine viwili, akavichomeka vyote pamoja. Majirani wakamuuliza anamfanyia nani kazi ya namna hiyo. "Namfanyia marehemu," akawajibu, "lakini anayenikimbiza ni mtama."

Baltazar akapiga simu. "Mtama umetia maziwa. Nakuja kuchukua."

"Usihangaike, baba mdogo. Nazileta mwenyewe."

Akayashusha makreti katikati ya shamba, Butiama, Baltazar akiwa na kamba mkononi. "Zote hizi hapa," Dorah akasema. "Ukoo ulikupa plastiki, nami nimekuletea plastiki yako. Sura ninazo mimi. Nenda ukawaambie wazee hivyo hivyo."

Baltazar alifunga diski ya kwanza, akafunga ya pili, akasimama na ya tatu mkononi.

"Dorah. Kulikuwaga na moja ya kipaimara. Mama yako mdogo alikuwemo."

Matrida, mke wake, alikufa kabla watu huko hawajazoea kupiga picha kwa simu.

"Hiyo ndiyo niliyoanza nayo," Dorah akasema, na sauti yake bado ilikuwa kali. "Kesho yake tu baada ya kikao. Nilikukasirikia sana. Nikasema hata nikishindwa zote zilizobaki, sura hii hutawatishia ndege."

Akampa simu. Matrida alitoka jikoni na ungo kichwani, anacheza, uso wake wote unaonekana hadi mwanya. Nyuma ya kamera Enos alisikika akicheka: "Shemeji, usinikimbie, rudia hapo!" Naye akarudia.

Dorah alikuwa amejiapiza asilie mbele ya mtu huyu, na sasa alilia. Baltazar aliiacha kamba ikaanguka, akaishika simu kwa mikono miwili na kuirudisha video mwanzo.

Kundi la kwelea likashuka upande wa bondeni. Dorah aliwaona vizuri tu. Hakuwafukuza; mtama haukuwa wake.