Meno Niliyoyakana Mbele ya Daktari wa Usingizi

Aibu hii ni yangu mwenyewe, simsukumii mtu, na naiandika kwenye daftari hili kwa kuwa kila ikisimuliwa hapa Kibokoni nakuta wenzangu washaitia chumvi (ingawa, tuseme haki, hata bila chumvi ilikuwa inatosha).

Mimi ni fundi wa makochi pale Makadara, shule nilikomea darasa la saba, basi nikikosea mambo ya kidaktari nisameheni. Mwaka jana nililazwa nibadilishwe valvu ya moyo. Siku moja kabla ya operesheni, saa ya kuzuru wagonjwa, akaja Daktari Kadzo, yule wa dawa ya usingizi, akaniuliza kama nitakubali kuingia kwenye utafiti wao, akanieleza polepole mpaka mimi nikafahamu: nikishalala nitatiwa mrija wa kupumulia kooni, na mrija ukipita presha hupanda ijapokuwa mwenyewe hujui, na moyo mbovu haupendi mambo hayo, sasa wao wanalinganisha njia mbili, ya chuma chenye taa kinachoinua ulimi na ya chombo chenye kamera, waone ipi inaichokoza presha kidogo. Njia yangu ingetoka kwenye bahasha iliyofungwa, kama kura. Nikatia sahihi, nikajiona mtu wa maana.

Kisha akauliza, "Mzee Athumani, una meno ya bandia?"

Sasa, mnajua watu wetu wanavyozuru mgonjwa. Kitanda kilikuwa kimezungukwa: mke wangu Zuhura, shemeji zangu wawili, na jirani yangu Msellem, ambaye mimi, kwa mdomo wangu huu, ndiye niliyempachika jina la Meno ya Duka tangu alipotia yake, na baraza zima likalishika. Na mimi nina manne ya mbele, ya juu, niliyotengenezewa kwa siri Ganjoni miaka tisa iliyopita, siku niliyomuaga mke wangu kuwa naenda kutafuta vitambaa.

"La," nikasema, "haya yote ni ya Mungu."

Asubuhi muuguzi akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Kwenye chumba cha matayarisho akaniuliza mwengine, na hapo hakukuwa na Msellem wala shemeji, ningeweza kusema, lakini niliona haya kuonekana mwongo wa mara mbili, basi nikawa mwongo wa mara tatu. (Waliniuliza sawasawa. Kosa si lao.)

Nikafungwa nyaya, mashine ikaanza kulia ti, ti, ti. Daktari Kadzo akaniambia bahasha yangu imetoa njia ya chuma, na kwamba chuma hicho hupita karibu sana na meno ya juu. Meno ya juu! Nikahisi yale manne yanacheza, nikayawazia yakiteremka na mrija hadi kwenye pafu, nikamuona Zuhura amekuwa mjane kwa sababu ya vicheko vya barazani, na mashine nayo ikatoka mbio.

"Hebu ngojeni," akasema Daktari Kadzo. "Presha imepanda hivi na hatujamgusa? Mzee, una nini?"

"Daktari," nikamnong'oneza, "haya manne... haya si ya Mungu."

Hakunigombeza. Alishusha pumzi tu, akasema, "Afadhali umesema. Yangechomoka yakaziba njia ya hewa." Akayatoa, akayatia kwenye kikopo, akampa muuguzi awapelekee jamaa zangu waliokuwa wakingoja nje. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia kila neno.

"Jamaa za Mzee Athumani! Nani anapokea meno yake?"

Ikaja sauti ya Msellem, ya mtu aliyengoja miaka: "Meno ya nani? Rudia mwanangu, sikio langu hili bovu!"

Nikafumba macho. Ndipo nikamsikia Zuhura: "Lete hapa. Miaka tisa hulala nayo mdomoni akinipa mgongo, akidhani sijui. Mwambie daktari anitazamie mume wangu, meno nitamuwekea mimi."

"Na umwambie siondoki hapa," akadakia Msellem, "mpaka nimuone kibogoyo!"

Hapo nikacheka, mapengo wazi, na ile mashine ikapunguza mbio. "Tazameni," akasema Daktari Kadzo, "imeshuka yenyewe." Wakaingoja itulie kabisa, hesabu zao zisije zikaharibika kwa ajili yangu, ndipo wakanilaza.

Njia ipi ilishinda mwishowe sijui. Mimi ni mtu mmoja, tena mwenye wasiwasi, siwezi kushuhudia. Ninachojua ni kwamba niliporudishwa wodini moyo ukipiga vyema, Msellem alikuwa miguuni mwa kitanda amekishika kikopo kama ameshinda kombe, na macho yake mekundu (hilo watu huliacha wakisimulia). Lile jina la Meno ya Duka limehamia kwangu, na kwa haki ni langu. Siku hizi nikiingia kwa daktari yeyote, hata wa macho, kabla hajaniuliza hali, nayatoa nayaweka mezani.