Nilitumwa nikamwambie Mama Felista aache kuimba, kumbe tatizo lilikuwa nyuzi za besi yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Ifakara. Mvua imekatika kidogo, nimepata nafasi ya kukaa nikaandika.

Hili limenitokea mimi mwenyewe. Wenzangu wawili watatu wa kwaya wamo humu wanasoma, kwa hiyo nikiongeza chumvi wataniumbua.

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, nakaa Kibaoni. Nje ya kazi napiga besi kwenye kwaya ya kanisani kwetu.

Besi yenyewe si gitaa la kuning'iniza shingoni. Ni electric upright, ile ya kusimama wima, ndefu kama mtu, ila haina lile tumbo kubwa la mbao. Ni ubao mwembamba tu wenye nyuzi nne na waya wa kwenda kwenye amplifaya. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini alituachia chombo hiki mkataba wake ulipoisha.

(Najua mtauliza kwa nini nisipige gitaa besi kama watu wengine. La kwetu lilikuwa limeshakufa. Hii ndiyo ikawepo, nikajifunza, nikaipenda.)

Sauti yake ilikuwa nene balaa. Nikipiga, mabenchi yanatetemeka. Nikajiona nimefika.

Sasa kuna Mama Felista. Ni mkulima wa mpunga kule Lumemo, na ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye sauti ya kwanza tangu mimi sijazaliwa kimuziki. Miaka hii macho yake yamefifia. Haoni tena mkono wa mwalimu wa kwaya, kwa hiyo anaingia kwa kusikiliza besi. Besi ikitua kwenye noti yake, anaingia.

Alikuwa hakosei.

Tangu nianze kupiga hii ya kusimama, akaanza kukosea. Mara anawahi, mara anachelewa, mara anashika key ambayo hatupo. Watu wanaangaliana.

Tukaitana kikao kidogo, bila yeye. Tulikuwa tumealikwa kuimba kijiji cha Mbingu, siku ya kufungua kanisa jipya. Mwenyekiti akasema, "Mama amechoka. Tumpumzishe kwa heshima kabla ya safari, asije akaaibika mbele ya watu."

Wote wakatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikatikisa. Nikapewa kazi ya kwenda kumwambia, kwa kuwa mimi ananiita mwanangu.

Nikamkuta nyumbani anageuza mpunga juani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja, nilikuwa na jambo la kukuuliza. Hivi hiyo besi yako ina nini? Naisikia miguuni. Masikioni haifiki."

Wakuu, niliyotumwa sikuyatoa. Nikasema nitaiangalia, nikaaga.

Mazoezi yaliyofuata nikamwomba mwalimu wa kwaya azipigepige zile nyuzi, mimi nikaenda kusimama pale anaposimama mama. Nikafumba macho.

Du. Du. Du.

Ndicho nilichosikia. Noti ipi, sikuweza kusema. Mimi, mpiga besi! Pale ninaposimama siku zote, pembeni ya chombo, naisikia vizuri. Hatua saba mbele imegeuka kishindo tu.

Nikarudi kwa mwenyekiti nikamwambia kwamba sijamwambia mama kitu, na ninaomba wiki tatu. Hakufurahi, ila alinipa.

Nikaanza kuhangaika. Nikapandisha treble, yaani sauti za juu, kwenye amplifaya, nikapata mlio wa "shhh" na kishindo kilekile. Nikaazima nyuzi za gitaa besi, zikagoma, ni fupi, hazifiki kwenye funguo za kukazia.

Ndipo nikaandika humu kuomba msaada. Mnakumbuka mlivyonicheka? Mmoja aliniambia ninunue kinanda nipumzike. Sina kinyongo.

Ila kuna mmoja wenu alinifuata inbox. Hapendi kutajwa, nitamwita Mkongwe. Amepiga besi Dar miaka mingi. Akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Kutoka juu shingoni hadi kwenye daraja, yaani kile kibao kinachobeba nyuzi, ni sentimita ngapi? Unapiga kwa vidole au kwa upinde? Nyuzi zilizopo zina rangi gani?

Nikamjibu ni nyeusi, laini kama plastiki.

"Hapo ndipo ulipo ugonjwa," akaandika. "Hizo zimevikwa nailoni. Zina sauti tamu ya giza, kwenye chumba kidogo utazipenda. Kwenye kanisa la bati zinamezwa. Unahitaji chuma."

Akanieleza kwamba hata za chuma si zote sawa. Kuna zilizozungushiwa waya wa mviringo, ukizigusa zina mikwaruzo. Hizo ndizo zenye mlio mkali kuliko zote, ila zinakwaruza vidole na kula ubao. Na kuna za chuma zilizosawazishwa, zinang'aa kiasi, haziumi.

Nikamwambia nataka kali kuliko zote, tumalize.

Akanijibu, "Usichague wewe. Wewe umesimama kwenye chombo. Mpe huyo mama achague."

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na watu wa basi, kuna bahasha yangu. Seti mbili, moja ya kila aina. Alizitoa kwenye stoo yake. Nikamuuliza nimlipe nini, akasema nimrekodie mama akiimba.

(Ushauri kwa wenye chombo kama hiki: badilisha uzi mmoja mmoja. Niliambiwa, lakini kwa ujuaji wangu nikalegeza zote mara moja. Daraja likaruka sakafuni. Mungu saidia halikupasuka.)

Jumamosi mchana nikamleta Mama Felista kanisani, tukiwa na mwalimu tu. Akasimama mahali pake. Nikaanza na zile kali.

"Ehee, sasa nakusikia," akasema. Nikafurahi. Halafu akakunja uso. "Ila ukipanda juu inanichoma. Inagombana na mimi."

Nikafunga zile zilizosawazishwa.

"Juu hapo sawa, inanipa nafasi. Chini umenipotea tena kidogo."

Nikakaa chini nikafikiri. Halafu nikafunga nyuzi mbili nene kutoka seti kali, na mbili nyembamba kutoka seti ya upole. Nikapiga polepole kuanzia chini kwenda juu.

Aliingia tu na wimbo, kwenye noti yenyewe, tukaimba mpaka mwisho. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinamisha kichwa.

Kule Mbingu mvua kubwa ikatukuta ndani ya kanisa, tukiwa tumeshasimama kuimba. Bati likalia, kinanda hakisikiki, watu wa mbele wanatoa macho. Nikapiga noti nne za kuanzia kwa nguvu zangu zote.

Akaingia. Peke yake kwanza, kisha wengine wote wakamfuata.

Baada ya ibada mwenyekiti alimfuata mama akamshika mikono miwili. Sijui alimwambia nini.

Mimi nilisubiri turudi Ifakara, nikaenda kwa mama nikamweleza ukweli wote: kile kikao, kutikisa kwangu kichwa, na nilichotumwa siku ile.

Akanijibu, "Nilikuwa najua, mwanangu. Kwaya haina siri. Ulipoondoka siku ile bila kusema, nilikaa ndani nikalia. Nikasema angalau mmoja ameniuliza masikio yangu yanasikia nini."

Sikuwa hata nimemuuliza, wakuu. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

Nilichojifunza ni kwamba kabla sijasema mtu amechoka, niende kwanza nisimame pale anaposimama yeye. Ilinichukua dakika mbili tu, na nilikaribia kutofanya hivyo.

Mkongwe, rekodi nimekutumia. Asante sana, baba. Mungu akutunze.

Sasa wenye uzoefu naombeni mchango: unyevu wa bonde letu hili, nyuzi za chuma mnazitunzaje zisiote kutu? Na kama kwenye kwaya au bendi yako kuna mtu mliyekaribia kumwacha hivihivi, tuambie ilikuwaje. Nasoma comment zote.