Watoto wa Waziri

Mwanangu, kila nikipanda mlima wa Al Amerat kwenda Matrah nakumbuka Idi moja ya miaka ya tisini, na hasira niliyokuwa nayo wiki nzima baada yake. Mama yako kaniambia unataka nikuombee kazi kwa yule rafiki yangu aliyepata cheo. Nitakujibu. Lakini kwanza nisikilize, maana jibu langu lina waziri ndani yake, na waziri mwenyewe kafa karne nyingi nyuma.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimevuka bahari kutoka Unguja kuja huku na cheti cha sekondari na begi moja. Nilifikia kwa khalati yangu, ndugu wa mama, Bi Ghanima, na mumewe, Ami Seif, mstaafu wa ofisi ya serikali. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimwendeshea gari. Kila Alkhamisi tulikwenda soko la samaki Matrah, na njiani akinihadithia maisha ya waziri mmoja wa zama za masultani wa Uajemi. Jina hakunitajia. "Jina utalisahau," alisema. "Mambo yake hutayasahau."

Na kweli sikuyasahau. Waziri yule alianza karani, akapanda ngazi moja moja mpaka nchi nzima ikawa mikononi mwake. Sultani alipokufa, akaendelea kumshikia nchi mwana wa sultani huyo. Alijenga vyuo. Alihakikisha askari wanalipwa. Na akila, alikataza mlango wake usifungwe; mwenye shida aingie, aseme, hata kama waziri ana tonge mkononi.

Mimi nilikuwa na maswali kuliko Abunuwasi. Alilala saa ngapi? Mkewe alikuwa akisemaje, watu wanaingia na yeye anakula? Alimwogopa sultani, au sultani alimwogopa yeye? Ami Seif hucheka, akanijibu mawili matatu, na tukifika sokoni hukata hadithi papo hapo. "Samaki kwanza," hunambia. Narudi nyumbani nimebeba nguru na kichwa kimejaa Uajemi.

Bi Ghanima hakuwa na subira na hayo. Hilali, mtoto wa kaka yake Ami Seif, alikuwa ndiyo kwanza kapandishwa cheo, ana ofisi kubwa na dereva wake. Khalati aliona hapo ndipo penye kazi yangu.

"Waziri, waziri!" alimpigia kelele mumewe. "Huyo waziri keshakufa, Bwana Seif, na huyu Hilali yuhai! Neno moja tu. Kijana anazeeka hapa ananikatia vitunguu."

Ami Seif akatafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni.

Alkhamisi ya mwisho kabla ya Idi, hadithi ilifika pabaya. Waziri alikuwa na watoto wengi, na kila mmoja alimpa pa kutawala. Wakwe nao wakapata. Ikawa kila mji una mtoto wa waziri, na mmoja wao akamdharau mtu wa sultani. Sultani akakasirika, akatuma watu wamuulize waziri: nchi hii ni yangu, au tumegawana?

"Akajibu nini?" nikauliza.

"Samaki kwanza," akasema Ami Seif.

Siku ya pili ya Idi akaja Hilali. Wewe unaijua majlisi ya kwetu ilivyo, chumba cha wageni chenye mlango wake wa nje, mtu anaingia bila kupita ndani kwa wanawake. Ilikuwa imejaa wazee na majirani. Hilali alipoingia wote wakasimama, na Ami Seif mwenyewe akasogea chini, akamwachia mahali pa juu. Mimi nilikuwa na dele la kahawa, nawamiminia watu. Nilipomfikia Hilali akatikisa finjani kuonesha imemtosha, kisha akanitazama kutoka miguuni mpaka kofiani.

"Ami," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Bi Ghanima kashanambia. Kijana huyu nipe mimi. Jumamosi, wiki ya kazi ikianza, aje ofisini, kiti chake kipo."

Mwanangu, nilisikia moyo unaruka. Mambo yakisemwa hivyo, mbele ya wazee, siku ya Idi, hayarudishwi. Aliyepewa hushukuru, na kazi imekwisha. Nyuma ya pazia khalati alikwisha kuanza kigelegele.

Ami Seif akaweka finjani chini.

"Allah akuzidishie, Hilali," akasema. "Lakini huyu ana cheti na ana miguu. Akapange foleni kama watoto wa wenzetu."

Kigelegele kilikatika katikati. Mzee mmoja akakohoa. Hilali akatabasamu kama mtu aliyemwagiwa maji, akala kipande cha halwa, akaaga. Mimi nikabaki nimesimama na dele, uso unawaka.

Sikusema na Ami Seif wiki ile. Alkhamisi nikamwendesha nimekaza macho barabarani. Tulipofika juu ya mlima akanambia, "Egesha."

Nikaegesha.

"Hukuniuliza waziri alijibu nini."

"Sitaki kujua." Nilikuwa nadanganya, na yeye alijua.

"Alijibu kwa kiburi. Akasema taji la sultani na kidau cha wino wake yeye ni kitu kimoja, kimoja kikianguka na kingine kinaanguka. Haikupita muda akauawa. Aliyemuua alijifanya maskini mwenye shida, wakamwacha asogee."

Nilisahau kuwa nimenuna. "Basi angefunga mlango angeishi!"

"Kila mtu husema hivyo. Mimi namsamehe ule mlango."

Nikauliza, "Na wale watoto? Waliishia wapi?"

Akageuka akanitazama. "Walipanda, mmoja baada ya mwengine. Na mmoja baada ya mwengine wakaangushwa." Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Nawafikiria kila siku, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Mimi nilitiwa kazini na ami yangu. Sikuulizwa ninajua nini. Alipoondolewa yeye, mimi sikufukuzwa, nilipewa chumba. Kiti kizuri, meza, na simu. Miaka, mwanangu, nimeitazama simu ile. Haikulia. Nilikuwa nakwenda asubuhi, nakunywa chai, nasoma mambo ya mawaziri waliokufa, narudi. Khalati yako hajui mpaka leo. Anadhani nilikuwa mtu mkubwa."

Hatukununua samaki siku ile.

Nilipanga foleni, na kazi sikuipata. Nikaenda Salala, nikaenda Dubai, nikauza matairi, nikaendesha malori, nikarudi Mabela na mvi za mwanzo. Miaka ya elfu mbili Hilali akahamishwa, na wale aliowaweka wakaanza kupewa vyumba. Nilimwona mmoja akinywa chai peke yake, nikakimbilia kuaga. Lakini sitakudanganya: zipo siku katika joto la Dubai nilimlaumu Ami Seif, na sina hakika hata sasa kama alinitendea haki. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyewahi kuninyang'anya kitu nilichokishika, kwa sababu hakuna aliyenishikisha.

Basi jibu langu ni hili. Ukipewa kiti, uliza kinasimama kwa miguu ya nani, na akiondoka huyo wewe utabaki na nini. Jifunze kazi mpaka simu ilie kwa ajili yako. Rafiki yangu simwambii neno. Jumatatu nitakuja kukuchukua mapema, nikupeleke mpaka kwenye foleni, nami nitakungoja ndani ya gari hata ikiwa mpaka adhuhuri.

Mungu akupe riziki inayokujua kwa jina lako mwenyewe, na akuepushe na chumba kile. Amin, mwanangu. Usisahau cheti.