Mujukuu wangu aliita muchezo wa mwalimu wizi

Bwana wa gazeti, jina yangu uifiche, lakini ukali wangu uuache vile uko. Niko mujane, miaka yangu inakaribia makumi saba, ninakaa Kadutu, hapa Bukavu; watoto wa mutaa wananiita koko, ndiyo bibi. Kusoma, nilisoma katekismu tu. Mujukuu wangu nilimulea miye mwenyewe, na jembe yangu. Leo Mapadri wamemufundisha kupima vitabu vya watu, kazi wanaita kritike, na wanataka kumutuma université kule Léopoldville.

Jirani yetu, mwalimu wa mission, alitunga muchezo: mujane aliyeinyima mvua kiti. Watu walicheka, wakalia, hata wazungu wa mbele walipiga mikono. Kisha, mujukuu akaandika mu gazeti: muchezo huu haukutungwa, uliibwa kwa mama muzee mumoja wa Kadutu. Eti mutu asiyesema alitoa wapi hadithi, ule ni mwizi, na kazi ya kritike ni kuonya watu wote.

Ule mama muzee ni miye! Na hakuna aliyeniibia. Mwalimu alikaa kwa moto yangu, akasema, "Koko, unipe ile hadithi ya mvua." Nikamupa. Miye mama yangu alinipa, naye alipewa. Jirani akichukua kaa moja ya moto, jiko yako inazimika?

Mission ikamufukuza mwalimu, ikamutoa mu nyumba. Sasa analima pamba ya watu huko Luvungi. Muke wake na watoto wamebanana hapa kwa dada yake.

Nikamwambia mujukuu, "Andika kwamba ulikosea, mupumbavu wee!"

"Koko, nikikana maneno yangu mu gazeti, nani ataniamini tena? Safari ya Léopoldville itakufa. Na wewe hauelewi mambo ya kritike."

"Ninaelewa hii: ulisema nimeibiwa, na haukuniuliza miye!"

Akapanguza miwani yake.

Nikienda kwa Padri mukubwa kusema kweli, pengine mwalimu atarudi kwa kazi yake, na mutoto niliyemulea ataitwa mwongo Bukavu nzima. Basi nikanyamaza. Jana muke wa mwalimu alipita kwa mulango yangu, amebeba kigae cha kutafutia moto. Nikamuita, "Mama, ingia uchukue."

Hakusimama. "Asante, koko. Siku hizi hatuchukui kitu kwako. Tutaitwa wezi."

Akaenda kuomba moto kwa nyumba ya tatu, na moto yangu ikiwaka pale.

Ninyi munaosoma, musinipake mafuta. Semeni wazi: mulango wa Padri niubishe, ao nifunike kosa ya mutoto wangu mpaka kaburi?