Mtoro wa Vipindi Vinne

Baba yake Sundus alipotea miaka arobaini iliyopita. Jumanne moja mchana, alimwita kwa jina.

Wadau, mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Chumvi sijaongeza.

Sundus anauza vitambaa kwenye mtaa wa Kisenyi. Wiki hiyo alikuwa akitafuta hati ya nyumba kwenye sanduku la mama yake, akakuta mkanda wa video umeviringishwa kwenye kanga. Akaupeleka kwa Nashon, fundi Mkenya anayehamishia mikanda ya zamani kwenye flash.

Kesho yake simu ikaita.

"Dada, funga duka uje. Kuna mtu humu anakutaja."

Ilikuwa komedi ya runinga ya mwaka themanini na tano, iliyorekodiwa mbele ya watazamaji ukumbini. Karani anasingiziwa kuiba mbuzi wa bosi, anatoroka, kila wiki anajificha kwa sura mpya. Vipindi vinne tu, ikakatika.

Aliyecheza mtoro ni Sadiq, baba yake.

Mama yake, Bi Faridah, siku zote alikuwa na jibu moja: "Baba yako alitoroka na mwanamke, akavuka mpaka. Usiniulize tena."

Sundus akakua akimchukia. Hata dua hakuwahi kumwombea.

Kwenye skrini, Sadiq amevaa gomesi, lile gauni refu la kike la mabega yaliyochongoka, anajifanya mpishi. Ukumbi hauna mbavu. Ghafla anaacha kukoroga chungu, anatazama kamera.

"Sundus mwanangu, wakikwambia nimekimbia, usikubali. Mimi sikimbii. Wako mlangoni, wananisubiri."

Ukumbi ukacheka zaidi.

Alikuwa analia, wadau. Machozi ya kweli. Watu wanapiga makofi.

"Rudisha," Sundus alisema.

Nashon akarudisha. Mara ya tatu alishindwa kutazama, akatoka nje. "Bambi," alisikika akisema kibarazani, neno la wenyeji la kumhurumia mtu.

Mara ya nne Sundus akasikia kitu. Katikati ya vile vicheko, kimoja chembamba, chenye kwikwi mwishoni.

Alikijua tangu utotoni.

Akachukua boda mpaka nyumbani.

"Mama, ulikuwepo."

Bi Faridah alikuwa anachagua mchele. Mkono ukasimama kwenye ungo.

"Nilikaa kiti cha mbele. Nilidhani ni mchezo, nikacheka. Kipindi kilipoisha, wanaume watatu wa usalama wakamtoa mlango wa nyuma. Mmoja akaniinamia sikioni: 'Sema ametoroka na mwanamke. Ukisema vingine, tunamfuata mtoto.'"

"Lakini wale watu waliondoka madarakani zamani, Mama! Zamani!"

"Mwaka wa kwanza niliogopa. Mwaka wa kumi niliona aibu. Wewe ulikuwa umeshamchukia. Nikasema bora umchukie yeye, kuliko ujue kwamba mimi nilicheka."

Sundus aliingia chumbani, akafunga mlango. Siku mbili hawakusemeshana.

Ijumaa walisoma hitima. Miaka arobaini, Sadiq hakuwa amesomewa hata Fatiha moja. Bi Faridah alikaa nyuma kabisa, karibu na viatu vya watu. Sundus akamfuata, akakaa naye palepale sakafuni.

Msidhani yameisha. Mpaka leo wanakula pamoja, wanaswali pamoja. Ila mama akicheka, Sundus huinuka akatoka nje.

Nilimuuliza, "Umemsamehe?"

"Namsamehe asubuhi," akanijibu. "Ikifika jioni inabidi nianze tena."

Ndugu zangu, uongo unaomlinda mtoto una muda wake. Muda huo ukipita, uongo unaanza kukulinda wewe uliyeusema.